Jinsi ya kuisaidia shule ya serikali kijijini kwenu: anzeni kuhesabu, hela baadae

Nimekaa kwenye kamati ya shule ya msingi miaka 9, huku mkoa wa Songwe tunakolima mahindi na kahawa, muda wangu umeisha na watu wa vijiji vingine wananipigia simu wanauliza nyie mliwezaje, maana kwetu tukiitisha mchango watu hawaji, wakija wanakuja kugomba. Jibu langu ni moja kwa wote, msianze na mchango. Anzeni kuhesabu, muwaonyeshe watu hesabu, halafu ndio muwaombe. Mkulima hata kama hana hela anajua kujitolea, ameshachimba mtaro wa maji, amejenga kanisa, amejenga msikiti, kinachomrudisha nyuma ni kwamba mara ya mwisho alitoa elfu 10 na mpaka leo hajui ilikwenda wapi.

Basi naandika tulivyofanya sisi, pamoja na tulipokosea, na nyie mtachukua kinachowafaa.

Kwanza jueni shule inapata nini kutoka serikalini. Hapa wazazi wengi wanapotea, mmoja anasema elimu ni bure kwa hiyo hatudaiwi kitu, mwingine anasema serikali haileti chochote, na wote wawili hawajawahi kumuuliza mwalimu mkuu. Elimumsingi bila malipo ilianza Januari 2016, na shule ya msingi inahesabiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, ila katika hiyo 10,000 ni 6,000 ndio inakuja kwenye akaunti ya shule, ile 4,000 inabaki kwa ajili ya vitabu. Sasa chukua kalamu. Shule yetu ina watoto 600, zidisha kwa 6,000 unapata 3,600,000 kwa mwaka, gawa kwa miezi 12 ni 300,000 kwa mwezi. Hiyo laki tatu ndio inunue chaki, karatasi, mitihani ya majaribio, kitasa kilichovunjika, mpira wa michezo, dawa ya kusafishia choo. Siku mwenyekiti wetu alipoiandika ubaoni kwenye mkutano watu walikaa kimya, na mzee mmoja akasema mimi nguruwe wangu wawili wanakula zaidi ya hiyo. Tangu siku ile hatukusikia tena neno "walimu wanakula hela", kwa sababu kila mtu aliona kwa macho yake kilichopo.

Mwalimu mkuu wenu ndiye katibu wa kamati, mwombeni aweke mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo kila robo ya mwaka. Mwombeni kwa heshima, msimwendee kama polisi. Wetu wa kwanza aliogopa kidogo, wa pili alifurahi sana kwa sababu maneno ya mtaani yaliisha.

Pili ni sheria, na hapa naomba msome taratibu maana watu wameharibikiwa. Mchango ni wa HIARI. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni na walimu wakaambiwa wasishike hela za wazazi, na sababu ilikuwepo, watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa mchango wa mlinzi, mchango wa tanki, mchango wa rimu. Baadae ikafafanuliwa kwamba wananchi wakikubaliana wenyewe wanaruhusiwa kuchangia maendeleo ya shule yao, ila jambo lipitie uongozi wa halmashauri na mwalimu asiguse hela. Kwa hiyo njia ni hii: kamati ya shule inakaa na kuandika hitaji, serikali ya kijiji inalipokea, linapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji ambao kisheria unatakiwa kukaa kila miezi 3, watu wanajadili, wanapitisha au wanakataa, muhtasari unaandikwa na watu wanasaini mahudhurio, kisha nakala inakwenda kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri. Ni safari ndefu kidogo lakini msiruke hatua hata moja. Karatasi ya muhtasari ndiyo itakayowalinda siku mtu akipiga simu kwa mkuu wa wilaya kusema tunachangishwa kwa nguvu.

Na mtoto asiguswe, jamani. Asitajwe jina mstarini, asipewe barua ya kumwaibisha, asirudishwe nyumbani, asinyimwe mtihani. Mimi mwenyewe nilirudishwa nyumbani darasa la 5 kwa sababu ya mchango na nakumbuka mpaka leo njia niliyopita nikilia, sitaki mtoto mwingine aipite.

Sasa kuhesabu kwenyewe. Chagueni watu watano, wawili wawe akina mama, mmoja fundi, nendeni shuleni siku ya masomo na sio Jumamosi, maana Jumamosi hamtaona watoto wanne wamebanana kwenye dawati moja. Hesabuni madawati mazima na mabovu, watoto kwa darasa, matundu ya choo, bomba au kisima, nyumba za walimu, vioo, milango, hali ya paa. Linganisheni na kiwango cha serikali, darasa la msingi linatakiwa kuwa na watoto 45, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Sisi tulikuwa na wasichana 310 na wavulana 290, kwa hiyo tulitakiwa tuwe na matundu 16 ya wasichana na 12 ya wavulana, jumla 28. Tuliyokuwa nayo ni 8. Nane! Na mawili hayana mlango. Miaka yote tulikuwa tunazungumzia kujenga ofisi ya walimu, kumbe binti zetu wa darasa la 6 na la 7 walikuwa wanakosa shule siku tatu nne kila mwezi na hakuna baba aliyekuwa anajua sababu, akina mama walijua ila hakuna aliyewauliza.

Ndio maana nikasema wawili wawe akina mama.

Baada ya hapo chagueni kitu KIMOJA. Hapa ndipo tulipoanguka sisi mwaka wa kwanza, tukaanza madarasa mawili na nyumba ya mwalimu na uzio kwa mkupuo, kila kitongoji kikavutia kwake, hela ikaisha tukiwa na kuta mbili zimefika kwenye madirisha na msingi mmoja umeota magugu. Misimu mitatu ya mvua ilinyeshea zile kuta. Kila mzazi aliyepita pale aliona hela yake inaoza, na mnaweza kufikiri mkutano uliofuata ulikuwaje.

Na hili la maboma, yaani majengo yenye kuta bila paa, nalisema kwa uchungu kabisa, msinyanyue boma kwa matumaini kwamba serikali itakuja kupaua. Kweli huo ndio utaratibu unaojulikana, wananchi wanapandisha mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha na milango, halafu halmashauri inamalizia, na fedha huwa zinakuja, mwaka 2021 tu zile fedha za UVIKO zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima. Lakini boma lenu litamaliziwa kama lilianza sawasawa. Nendeni kwa mhandisi wa halmashauri KABLA hamjachimba msingi, ombeni ramani ya darasa ya serikali, mumuombe aje aone eneo, aje tena kukagua msingi kabla hamjafukia, na kila akija aandike kwenye kitabu cha wageni cha shule. La kwetu la kwanza fundi alilipima kwa hatua zake za miguu, lilipokuja kukaguliwa likaonekana jembamba na nondo za lenta ni nyembamba, tukabomoa upande mzima. Fundi alikuwa mtu mwema na alifanya bure, ila ramani hakuwa nayo na sisi ndio hatukumpa.

Kingine, ombeni mhandisi awape orodha ya vifaa na idadi yake, ile BOQ. Ukishakuwa nayo unaweza kugawa mchango kwa vitu badala ya hela, na kijijini vitu ndivyo vinavyopatikana. Kitongoji hiki kilete trip tano za mchanga, kile mawe ya msingi, wale wenye ng'ombe wa mkokoteni wabebe maji, vijana wafyatue tofali. Mfuko mmoja wa saruji unatoa kama tofali 30 za inchi 6, msidanganywe na anayesema anatoa 50, hizo zitamomonyoka mkononi. Na tofali linamwagiliwa maji asubuhi na jioni, siku 7 kwa uchache, hapo watu wengi wanazembea, wanafyatua kwa shangwe Jumamosi halafu jua linazikausha hakuna aliyezigusa. Wekeni zamu ya kumwagilia kwa majina, nyumba kwa nyumba.

Msimu nao muuangalie. Huku kwetu mvua ni kuanzia Novemba mpaka Aprili, kwa hiyo msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, ni Juni mpaka Septemba, mahindi yameshavunwa, barabara inapitika, na hela ya kahawa inaanza kuingia. Ukiitisha mchango Januari umeitisha njaa, mtu amenunua mbolea, amenunua sare na madaftari, huyo atakuchukia bure. Nyie wa pwani au wa kanda ya ziwa mna kalenda yenu, fuateni kalenda ya mfuko wa mkulima, msifuate mwaka wa bajeti.

Hela inayopatikana inawekwa wapi? Benki, siku hiyo hiyo au kesho yake, kwenye akaunti ambayo kijiji na halmashauri wanaijua, haikai kwa mtu nyumbani hata mtu huyo awe mchungaji au shehe. Kila anayetoa apewe risiti. Halafu gawanyeni kazi kwenye kamati tatu ndogo, kama inavyofanyika kwenye miradi ya serikali ya fosi akaunti, ile ya kujenga kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi: wanaonunua, wanaopokea, wanaosimamia ujenzi, na mtu asikae kwenye mbili. Anayenunua saruji asiwe ndiye anayeihesabu ikishuka kwenye gari. Sisi tulimweka mama mmoja muuza duka kwenye kamati ya mapokezi, huyo mama alihesabu mpaka misumari, gari la kwanza la bati akakataa kusaini kwa sababu alipima akakuta sio geji 28 tuliyolipia, gari likarudi. Tafuteni mtu kama huyo. Kila kijiji anaye, mara nyingi hana cheo chochote.

Stoo iwe na leja, mfuko ukitoka unaandikwa umetoka kwa nani kwenda wapi, na kila Jumapili baada ya ibada na kila Ijumaa baada ya swala mtu mmoja wa kamati anasimama dakika 3 anasema wiki hii tumepokea nini, tumetumia nini, kimebaki nini. Dakika 3 tu. Hii ilituletea watu kuliko barua zote za mtendaji.

Wasio na kitu? Wapo, mjane mwenye wajukuu wanne, mgonjwa, mzee. Mkutano uwataje kwa hekima kwamba hawa wamesamehewa, au bora zaidi balozi wa nyumba kumi ashughulike kimya kimya bila kutaja mtu. Ila nataka niwaambie, yule bibi tuliyemsamehe alikuja na ndoo ya togwa kwa ajili ya mafundi, siku zote za ujenzi, na kwenye daftari letu ameandikwa kama wengine: togwa, ndoo 11.

Naomba niongelee chakula kwa kirefu maana naona ndio kitu kinachobadilisha shule haraka kuliko jengo. Mtoto anayetembea kilomita 4 na tumbo tupu saa 5 asubuhi ameshalala kwenye dawati, mwalimu afanye nini. Watu wanaogopa kwa sababu hawajapiga hesabu. Mwaka wa masomo una siku 194, tuseme mtoto ale makande ya gramu 100 za mahindi na gramu 30 za maharage kila siku, hiyo ni kilo 19.4 za mahindi, yaani debe moja, na maharage kama kilo 6. Kwa MWAKA mzima! Nilipoisoma kwenye mkutano baba mmoja alisema debe moja mbona naliacha shambani kwa panya. Tatizo linakuja kwa mwenye watoto wengi, na linakuja kwenye kutunza, maana debe moja mara watoto 600 ni zaidi ya gunia 116 za kilo mia, maharage gunia 35 hivi, mtaweka wapi. Sisi tulikubaliana kwamba mwenye watoto watatu na kuendelea analeta debe mbili basi, pengo linajazwa na shamba la eka 4 ambalo kijiji kilitenga, wazazi wanalima kwa zamu.

Mahindi yakauke vizuri KABLA ya kupokelewa. Yang'ate kwa jino, yakiitikia kwa mlio yamekauka, yakibonyea mrudishie mwenyewe akaanike tena, asione haya. Mahindi mabichi yanaota ukungu na kuleta sumukuvu, hiyo haiondoki kwa kuchemsha, na watoto ni wetu. Gunia zikae juu ya chaga, mbali na ukuta, au kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa. Mpishi alipwe hata kidogo kidogo kila mwezi, msimtegemee mama wa kujitolea mwaka mzima, atachoka na ana shamba lake, na jengeni jiko banifu mapema kwa sababu kuni ndizo zitakazowamaliza. Na yule ambaye mzazi wake hakuleta debe anakula kama wenzake, bakuli lile lile na foleni ile ile. Wapo watakaosema sio haki. Waacheni waseme, kisha mzazi mzito mwendeeni nyumbani kwake watu wawili jioni, muongee nae.

Kuhusu waliosoma hapo zamani na sasa wako Dar, Mbeya, Tunduma au nje ya nchi, hao tumieni grupu la WhatsApp lakini msiwaombe "mchango wa shule". Waombeni kitu chenye jina na bei. Tunahitaji milango 12 ya choo, mlango mmoja bei yake hii, duka ni hili, ukilipa dukani moja kwa moja tutakutumia picha mlango ukiwa umefungwa. Milango 12 ilipatikana ndani ya wiki mbili. Picha zitumwe kweli, na sio picha ya viongozi wamesimama, piga picha ya mlango.

Mlango mwingine wa kugonga ni diwani, na mbunge kupitia mfuko wa jimbo, huo mfuko una sheria yake tangu 2009 na umewekwa kwa ajili ya kumalizia vitu ambavyo wananchi wameshaanzisha, kwa hiyo barua yenu iambatane na muhtasari, BOQ na thamani ya nguvu za wananchi, mchanga, mawe na siku za kazi zote zigeuzwe kuwa shilingi. Kuna pia Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, inayosimamia Mfuko wa Elimu, andikeni kupitia halmashauri. Majibu yanachelewa, andikeni na msisimame kusubiri.

Kwenye choo, mkijenga, wekeni chumba kimoja cha wasichana cha kubadilishia chenye maji na kichomea taulo za kike, na tundu moja lenye mteremko wa kiti cha magurudumu. Gharama yake ukiweka mwanzoni ni ndogo, ukija kuongeza baadae unabomoa.

Walimu. Nitasema kifupi ila sio kwamba ni jambo dogo. Mwalimu mpya akiripoti ni kijana wa miaka 24 ametoka mbali, hajui lugha yenu ya nyumbani, hana hata sufuria. Mpokeeni. Chumba, debe la mahindi, mtu wa kumwonyesha kisima na duka. Sisi tulipoteza walimu wawili ndani ya mwaka mmoja kwa sababu walilala kwenye stoo ya shule, wakaomba uhamisho, na tulistahili kuwapoteza. Aliyefuata tulimpokea kwa ngoma, yupo mpaka leo na ameoa hapa hapa.

Na mzazi ambaye hana debe wala nguvu ya kubeba mawe, bado unaweza, fungua daftari la mwanao kila jioni hata kama hujui kusoma, mwambie akusomee. Watoto wa darasa la 2 wanatakiwa wawe wanajua kusoma, kuandika na kuhesabu, ukiona wa kwako anakariri picha, nenda kwa mwalimu wake mapema, usingoje la 4.

Mwisho kuhusu daftari lenyewe la michango maana ndilo mnaloniuliza sana kwenye simu. Nunueni kaunta buku nene, sio daftari la shule, na muandike kwa kalamu ya wino. Safu ya kwanza tarehe, ya pili jina, ya tatu alicholeta, ya nne thamani yake, ya tano sahihi yake mwenyewe au dole gumba. Ukurasa ukijaa mwenyekiti na katibu wanasaini chini, ukikosea usifute, piga mstari mmoja juu yake ili lililokosewa lisomeke, andika sahihi pembeni. Likae shuleni kwenye kabati, na mwanakijiji yeyote akitaka kuliona saa za kazi apewe kiti alisome. La kwetu sasa ni la tatu, na wiki iliyopita nilimkuta kijana mmoja amekaa pale ofisini anatafuta jina la marehemu baba yake. Alilipata, ukurasa wa 14, mawe trip moja.